Cheni Ikikatika Milimani Juu ya Ziwa Kivu

Magharibi mwa Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, ipo njia ya kilomita 227 itokayo mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, hadi wilaya ya Rusizi upande wa kusini. Huitwa Njia ya Kongo na Nile, na jina hilo lina maana yake. Milima iliyo juu ya ziwa ndiyo igawayo maji. Mvua inyeshayo upande wa ziwa hushuka Kivu, ikafuata mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika na mwishowe mto Kongo. Ile inyeshayo upande wa mashariki hufuata Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria na mto Nile.

Mwendesha baiskeli aliye na pumzi huimaliza njia hiyo kwa muda wa siku tano hivi. Uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya bahari, lakini vijiji vingi viko juu zaidi, migongoni mwa vilima. Kwa hiyo njia hushuka ghubani, hupanda kilimani, kisha hushuka tena. Pana sehemu za lami na sehemu za udongo ambao hugeuka matope wakati wa masika. Kahawa, migomba na mikaratusi humsindikiza msafiri, na jioni wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu.

Uzuri huo wote, hata hivyo, huweza kusahaulika kwa sauti moja tu: mlio wa cheni kukatika. Mara nyingi hutokea mlimani, pale mwendeshaji anapobadili gia kwa kuchelewa huku akikanyaga kwa nguvu zote. Pini huchomoka upande mmoja, pedeli huzunguka bure, na mtu hujikuta akisukuma baiskeli ilhali jua linakaribia kuzama.

Wenyeji wana dawa yao. Chini ya miti, penye njia panda, hukaa mafundi wanaowahudumia abanyonzi, yaani wachukuzi wa abiria kwa baiskeli. Baiskeli hizo zina gia moja na cheni nene. Kwa nyundo, msumari na jiwe, fundi huisukuma pini, hutoa kiungo kibovu na kuunganisha upya. Lakini msafiri mwenye baiskeli ya gia nyingi hapati faraja hiyo. Cheni yake ni nyembamba. Nyundo hupinda bamba zake, na pini iliyokwisha kutolewa haishiki tena kwa uthabiti. Fundi hakukosa ujuzi. Kilichokosekana ni kifaa.

Kwa sababu hiyo, yampasa msafiri wa namna hiyo kuchukua vitu vinne: kifaa cha kusukumia pini, ambacho huenea katika kiganja cha mkono, viungo viwili vya kuunganishia, vya unene ule ule wa cheni yake, kipande cha spoku kilichopindwa ncha zote mbili, cha kuzuia cheni isivutike wakati wa kazi, na kitambaa cha kufutia grisi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kiungo cha nje kilichoharibika hutolewa kwa kifaa, ncha zote mbili zikabaki na viungo vya ndani. Kiungo cha kuunganishia hupachikwa badala yake, nao urefu wa cheni haupungui. Kisha hupelekwa upande wa juu, gurudumu la nyuma hushikwa kwa breki, na pedeli hukanyagwa hadi kiungo kijifunge. Ikiwa ilibidi kuondoa viungo zaidi, cheni itakuwa fupi. Hapo gia kubwa ya mbele isiunganishwe na gia kubwa ya nyuma, maana cheni ikivutwa kupita kiasi itavunja vifaa vingine.

Lililo bora ni kuzuia msiba kabla ya safari. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo viungo 20 vya cheni mpya ni milimita 254. Rula ya mtoto wa shule yatosha kupimia nyumbani, cheni ikiwa imevutwa sawasawa. Ikifika milimita 256, imekwisha kulika. Ibadilishwe kabla haijayala na meno ya gia, ambayo gharama yake ni kubwa zaidi.

Askari hukagua silaha yake kabla ya doria, wala hangojei hadi afike porini. Baiskeli nayo yastahili ukaguzi kama huo. Aliyeipima cheni yake nyumbani, akatia na kifaa mfukoni, ataingia Rusizi akiwa juu ya tandiko. Aliyepuuza huenda akaingia kwa miguu, usiku, na baiskeli yake mkononi.