Mwachie Mpira Ajitoe Mkojo Mwenyewe

Mdogo wangu mpenzi,

 

Umeniuliza kama ni mapema mno kumfundisha mwanao kujitoa mkojo kwa mpira. Ana miaka minane, anajifunga vifungo vya shati, anajua kusoma saa. Si mapema, watoto wengi wenye mgongo wazi kama yeye huanza hata kabla ya umri huo. Wanaomchelewesha ni sisi wakubwa, tunaomwona mgonjwa kila tukiuona ule mpira.

Najua Mama anataka glavu na maji ya kuchemsha kila mara, utadhani nyumba imekuwa chumba cha upasuaji. Mweleze taratibu. Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida unatosha: mikono iliyooshwa kwa sabuni na mpira safi. Hatari kubwa ni kibofu kukaa kimejaa, mkojo ukarudi juu na kuharibu figo. Kwa hiyo mtoto anayejitoa mkojo kwa wakati yuko salama kuliko anayemsubiri mama yake mpaka saa nane mchana.

Anza na vifaa, aviandae yeye. Kisha anawe, ashike mpira, mkono wako ukiwa juu ya wake, hadi siku atakayokuambia uondoe mkono. Mpira ukikwama asiusukume kwa nguvu. Avute pumzi, asubiri misuli ilegee. Mkojo ukikoma, achomoe mpira polepole, na mkojo ukianza kutiririka tena asite hapo hapo mpaka uishe. Hapo ndipo watoto huharakisha ili warudi kucheza, na mkojo unaobaki ndio unaoleta maambukizi.

Mnunulie saa ya mkononi yenye kengele, ilie kila baada ya saa tatu au nne, asisubiri kukumbushwa na mtu. Akipata choo kigumu mshughulikieni mapema, maana hubana kibofu. Vifaa vya lateksi usimsogezee kabisa, hata maputo ya sherehe. Watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Na kliniki ya kuangalia figo haikomi hata akishajua kila kitu.

Nani aambiwe darasani, aamue yeye. Wewe Jumatatu nenda kwa mwalimu mkuu, umwombe komeo la ndani na ndoo ya maji kwenye choo kimoja. Wakikuzungusha, nipigie.

Dada yako