Mabamba ya Mapaja

Leeds, Jumamosi 8 Februari 2025

Royal Armouries, jumba la makumbusho ya silaha, mchana wote. Wageni wengi hukimbilia kofia za chuma na panga. Mimi nimekaa na mabamba ya mapaja, maana hapo ndipo naona akili ya mhunzi. Paja halitulii: mtu akiketi linatanuka, akisimama linakaza, na goti lililo chini yake lataka kukunjika bila kubanwa. Kwa hiyo bamba kubwa hufuata mviringo wa mbele, dogo likaungwa ubavuni kwa bawaba, na nyuma ni mikanda ya ngozi na bizimu tu. Karibu na goti vipande vyembamba hupandana, vikishikwa kwa ribiti, ili mguu ukunjike bila kuacha mwanya. Ukingo wa juu umekunjwa kwa nje: ncha ya upanga ikiteleza juu ya paja, inagota hapo kabla ya kufika kinenani. Na uzito haukuachiwa mguu peke yake, kwani vigwe vya juu vilifungwa kwenye koti nene la ndani, mwili wa juu nao ukabeba sehemu yake.

Jumatano 12 Februari

Mbona mabamba ya mapaja yako wazi nyuma? Kwa sababu ya farasi. Mpanda farasi hukaa juu ya tandiko. Chuma nyuma ya paja kingemuumiza yeye na kumnyima mshiko.

Anayepigana kwa miguu ni habari nyingine. Deraya ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza ya mwaka 1520, iliyotengenezwa Greenwich kwa ajili ya mashindano yake na Wafaransa, inafunika mapaja pande zote, hata makalio. Ina vipande zaidi ya 200 na uzito wa zaidi ya kilo 40. Kanuni za mashindano zikabadilika, kazi ikasimamishwa kabla haijakamilika. Nasikitika kila nikiifikiria, kwa jinsi ilivyokuwa kazi safi.

Jumapili 16 Februari

Leo nimesoma tena utafiti wa Graham Askew na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds, uliotolewa mwaka 2011. Waliwachukua watu wanne wanaoonyesha mapigano ya kale hapo Royal Armouries, wakawavika nakala za deraya za karne ya 15 zenye kilo 30 hadi 50, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia huku hewa wanayopumua ikipimwa. Kutembea kuliwagharimu zaidi ya mara mbili ya nguvu ya kawaida. Kukimbia, karibu mara mbili.

Sababu kubwa ni miguu. Kilo 7 au 8 za chuma zilikuwa miguuni, na kila hatua ni lazima zinyanyuliwe na kurushwa mbele upya. Mzigo wa uzito uleule ukiwa mgongoni hauchoshi hivyo. Isitoshe, bamba la kifua liliwafanya wapumue kwa pumzi fupi fupi. Watafiti wakakumbusha mapigano ya Agincourt, 1415, Wafaransa wakivuka tope wakiwa na vyuma vyao kuwaendea Waingereza. Askari aliyefika mbele ya adui amekwisha kuchoka ni nusu ameshindwa.

Swali la deraya inamchosha mtu kiasi gani, deraya halisi isingeweza kulijibu. Hakuna mtunzaji atakayekubali chuma cha miaka 500 kilowe jasho juu ya mashine. Nakala ilijibu.

Jumamosi 22 Februari

Nasoma habari za Bashford Dean, mtunzaji wa deraya wa Metropolitan Museum, New York. Alikuwa pia mtaalamu wa samaki, na miongoni mwa aliowachunguza ni samaki wa kale waliovaa magamba ya mfupa kama deraya! Katika miaka ya 1920 aliunganisha deraya za Kiitaliano kutokana na vipande vilivyogunduliwa mwaka 1840 katika ngome ya Chalcis, Ugiriki, ngome ya Waveneti iliyoangukia mikononi mwa Waturuki mwaka 1470. Penye pengo, karakana ya jumba ilifua kipya. Humo alikuwa amefanya kazi Daniel Tachaux, fundi Mfaransa aliyeletwa kutoka Paris mwaka 1909.

Hapa nina msimamo mkali. Bamba jipya lililoungwa na la kale bila kutajwa ni uongo, hata likiwa zuri namna gani. Likitajwa, ni kazi ya elimu. Enyi wenye majumba ya makumbusho, andikeni kwenye kibao: kipande hiki kilifuliwa mwaka gani, na nani.