Boksi la Kaseti Lilivyonirudisha Tononoka

JE, msomaji mpenzi, umewahi kukitunza kitu mpaka ukasahau kilikuwa cha kazi gani? Mimi nilikuwa nacho. Ni boksi la viatu lililokaa juu ya kabati nyumbani kwetu kwa miaka mingi, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mna kaseti za michezo ya video. Si kaseti za nyimbo, la! Ni vile vipande vya plastiki vya manjano, vyekundu na vyeusi, vilivyokuwa vikichomekwa juu ya mashine, nayo mashine ikaunganishwa na televisheni. Zilikuwa za marehemu kaka yangu. Alipofariki, boksi lilibaki mikononi mwangu kama amana, na amana haichezewi. Sikulifungua hata siku moja.

Mwanawe sasa ana miaka 11. Wakati wa likizo aliliona boksi lile, akauliza babake alikuwa ameweka nini humo. Nikamweleza. Macho yakamng'aa. "Ami, twaweza kucheza?"

Nilimjibu upesi kuliko nilivyokusudia: "La, zitaharibika."

Kijana akanyamaza, akatoka nje. Siku mbili baadaye jamaa mmoja anayeuza vitu vya kale alinipigia simu. Alitaka kulinunua boksi zima, mradi kaseti ziwe na vibandiko vyake na zisiwe zimechubuka. Aliniuliza mengi, lakini hakuniuliza kama zinafanya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Maana nami pia, miaka yote hiyo, sikuwa nimejiuliza.

Basi Jumamosi moja asubuhi nilimshika mkono mtoto, boksi nikalitia kwenye mfuko, tukaenda Tononoka.

Kama hujafika, nikuelekeze. Tononoka iko kisiwani Mombasa, jirani ya Majengo, Buxton na Tudor. Si mtaa unaouona kwenye kadi za posta. Hakuna ngome wala milango ya nakshi. Kuna uwanja wa wazi ambao siku moja ni wa kandanda na siku nyingine ni wa wanasiasa na vipaza sauti vyao. Kuna ukumbi wa jamii ambao wakazi wengi wa kisiwa wamewahi kuuingia kwa harusi au kwa mkutano. Kuna mahakama ambamo kesi za watoto husikizwa. Na kuna vichochoro vyenye harufu ya mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu. Neno lenyewe, kutononoka, ni kunawiri na kunenepa. Sitasema kila anayeishi hapo amenenepa, lakini mtaa una uhai, na uhai wake wote uko nje ya mlango.

Ni katika kichochoro kimoja cha hapo, yapata mwaka 2000, ambapo kaka yangu na mimi tulijifunza gemu. Kilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, kina benchi moja, mashine mbili na feni isiyozunguka. Tulilipa shilingi 5, na aliyefungwa aliinuka akampisha mwenzake. Aliyekuwa hana kitu alisimama nyuma ya benchi akatoa maagizo kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuna mtoto hata mmoja kati yetu aliyekuwa na mashine kwao.

Mashine zile, msomaji, zilikuwa wajukuu wa haramu wa mashine maarufu. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Famicom yake mwaka 1983. Muda si muda viwanda vingine vya Asia vikaanza kuiigiza kwa bei nafuu, na hizo za kuigiza ndizo zilizofika kwetu. Kaseti zilijigamba kuwa na michezo 9999 ndani yake. Ukiihesabu ungeikuta michache tu, iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Hatukujali. Super Mario alikuwa wetu, na Contra ilikuwa yetu, ule mchezo wa askari wawili ambao mtu na mwenzake huucheza bega kwa bega.

Chumba kile hakipo tena. Lakini si mbali na hapo tulikuta kibanda kipya, vijana wamebanana kwenye viti vya plastiki mbele ya televisheni bapa. Siku hizi wanacheza mpira, ule mchezo ulioitwa FIFA kwa miaka 30 kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2023 kuwa EA Sports FC. Sheria haijabadilika: mfungwa ndiye anayelipa. Nilimuuliza mwenye kibanda anafanya nini na michezo ya zamani mipya ikija.

"Naifuta, kaka," akanijibu bila kugeuka. "Mashine haina nafasi. Hapa hatuweki, hapa twacheza."

Nilifungua boksi kidogo nikawaonyesha vijana. Wakacheka. Mmoja aliuliza kama ni betri za solar. Ila mwendesha bodaboda mmoja wa rika langu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri abiria, alichungulia akapiga ukelele: "Contra!" Akaitwaa kaseti, akaigeuza, akaipuliza kwa mdomo kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Ndiye aliyetuelekeza kwa fundi.

Fundi ni mzee wa makamo mwenye kibanda kilichojaa redio zilizokufa. Aliziangalia kaseti zetu kwa miwani iliyofungwa kwa uzi. Jambo la kwanza alilotuambia ni kuwa tulikuwa tukikosea sote. "Mate ni maji, mwanangu. Ukipuliza, unyevu waingia kwenye meno ya shaba, na shaba hushika kutu. Kilichokuwa kikisaidia si pumzi yako. Ni kule kuitoa na kuirudisha."

Jambo la pili liliniuma zaidi. Alisema hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na kifaa kilichofungiwa miaka na miaka kisiguswe huliwa taratibu bila mwenyewe kujua. "Kukifunga hivi si kukihifadhi," akasema. Akatuambia turudi baada ya Alasiri. Alihitaji muda wa kuzisafisha kwa spiriti na pamba, na wa kutafuta televisheni ya kizamani, ile yenye chogo, kwani ndiyo inayoelewana vyema na mashine hizo.

Tukashika barabara ya Abdel Nasser hadi Digo, tukapita Marikiti palipojaa harufu ya bizari na karafuu, tukaingia Mji wa Kale. Nilitaka mtoto aione Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kuwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini kilichotusimamisha kilikuwa kwenye duka la vinyago, kabla hatujafika ngomeni. Ukutani palitundikwa bao zuri la mbao, limechongwa nakshi pembe zote, limepakwa vanishi likang'aa.

Mtoto alihesabu mashimo: 32, safu 4 za mashimo 8. Akauliza, "Kete ziko wapi?" Muuzaji akacheka. "Hili halina kete, bwana mdogo. Hili ni la kupamba." Bao kamili, msomaji, lataka kete 64, na kwa kawaida ni mbegu za komwe. Bao lisilo na kete ni ubao wenye matundu tu, hata likiwa na nakshi namna gani. Nilipotazama lile bao nikaliona boksi langu.

Usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Mwezi Julai mwaka 2021, huko Marekani, nakala moja ya mchezo wa Super Mario 64, uliotoka mwaka 1996, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Kwa nini pesa zote hizo? Kwa sababu ilikuwa bado imefungwa kwenye karatasi yake ya kiwandani. Haikuwahi kuchezwa na mtu. Mamilioni ya watoto waliufurahia mchezo huo, lakini nakala iliyothaminiwa kuliko zote ni ile ambayo haikumfurahisha mtoto hata mmoja!

Hata hivyo, tusiwacheke sana wakusanyaji. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida. Kampuni zimehamia kwenye mashine mpya na ya zamani ikaachwa. Atakayetaka kuiona lazima amtafute mtu aliyeiweka. Yule kijana wa kibanda anayesema "hapa hatuweki" huenda siku moja asiwe na cha kumwonyesha mwanawe. Anayecheza bila kuweka hupoteza, na anayeweka bila kucheza amekwisha kupoteza, ila hajajua.

Hayo nilikuwa nayawaza tukirudi Tononoka, mtoto mbele, mimi nyuma.

Fundi alikuwa amemaliza. Kaseti zilikuwa 19. Kumi na tatu zilikuwa hai. Sita zilikuwa zimekufa, meno yake yamegeuka rangi ya kijani. Nilitaka kuuliza kama ningelikuja miaka mitano mapema ingekuwaje, lakini jibu nilikuwa nalo.

"Na hiki kilikuwa chini kabisa, chini ya gazeti," fundi akasema, akanikabidhi daftari la shule la kurasa 32.

Nilikuwa sijawahi kuliona. Ni mwandiko wa kaka yangu, ule wa herufi zilizolala. Kila ukurasa aliugawa kwa mistari ya rula: jina la kaseti, aliyeichukua, siku aliyoichukua, na alama ya vema pale iliporudi. Majina yenyewe yalikuwa ya kimtaa: "mtoto wa Mama Vitumbua", "yule wa nyumba ya bluu", "Mrefu", "mdogo wangu". Huyo wa mwisho ni mimi. Kaseti zilizoorodheshwa zilikuwa 23. Nne hazikuwa na alama ya vema.

Mwaka mzima kaka yangu aliuza mabuyu na barafu nje ya uwanja wa kandanda ili kuzinunua kaseti zile moja baada ya nyingine. Sote nyumbani tulidhani alikuwa akijiwekea mali. Kumbe alikuwa na maktaba! Aliyekuwa na mashine ya kuazima lakini hana kaseti, alijua pa kwenda. Fundi aliyapitia majina kwa kidole, akatabasamu. "Huyu Mrefu namjua. Yuko Doha sasa, aendesha gari la kampuni. Kaseti yenu hamtaipata tena!"

Basi tukakaa. Fundi aliwasha televisheni ya chogo, ikanguruma, ikatoa chenga, kisha wale askari wawili wakatokea. Mimi nilishika kidude kimoja, mtoto wa kaka yangu akashika cha pili. Vidole vyangu vilikumbuka vyenyewe pa kuruka. Yeye alikufa mara tatu katika dakika moja, akalalamika kuwa mchezo ni mgumu na picha ni mbaya. Mara ya nne akavuka daraja.

"Baba alikuwa akifika wapi?" akaniuliza macho yakiwa kwenye kioo.

"Mwisho," nikamwambia. "Lakini hakuwa akifika peke yake. Alihitaji mtu wa kiti cha pili."

Jioni ile nilimpigia simu yule mnunuzi nikamwambia kaseti zimechubuka. Si uongo, sasa zimechubuka.

Msomaji wangu, labda kwenu hakuna kaseti. Labda kuna bao la babu, kinanda cha kusukuma, kamera ya filamu au cherehani ya nyanya iliyofunikwa kitambaa. Nakushauri yafuatayo, kama fundi alivyonishauri. Kiweke mahali pakavu, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kisafishe bila maji. Kitoe mara kwa mara kifanye kazi yake. Na uandike kilikuwa cha nani na nani walikitumia, kwani chombo hakiwezi kujieleza.

Boksi limerudi nyumbani, lakini si juu ya kabati. Liko chini, mtoto analifikia. Juzi nilikuta kaseti moja haipo. Moyo ukanipasuka, nikataka kupaza sauti. Kabla sijafungua mdomo nikaona daftari la kaka yangu mezani. Kwenye ukurasa uliokuwa mtupu mtoto amepiga mistari kwa rula, akaandika jina la kaseti, tarehe, na "mtoto wa jirani wa juu". Nafasi ya alama ya vema ameiacha wazi.

Nami nimeamua kungoja.