Kutoka Nyalikungu hadi Nansio: kwa nini tulibadili meli

Familia nyingi huchagua shule ya watoto kwa makini, huuliza habari za daktari kabla ya kumpelekea mgonjwa, na hata mchele sokoni huutia mkononi na kuutazama kabla haujapimwa. Lakini inapofika safari ya majini, wengi wetu hupanda chombo tulichokizoea, au kile chenye nauli nafuu, na mengine yote tukamwachia nahodha. Mwaka huu sisi wakazi wa Nyalikungu, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, tulibadili meli ya safari yetu ya likizo. Tumeona vema kueleza sababu zake, kwa kuwa wako wazazi wengi ambao likizo za shule zikikaribia huingia katika hesabu kama zetu.

Nyalikungu ni mji wa nchi kavu. Kwetu ni pamba, mtama, viazi vitamu na ng'ombe. Mkoa wetu unaligusa Ziwa Victoria upande wa Busega, lakini kwa watoto wa Maswa maji mengi yanayojulikana ni ya Bwawa la Zanzui. Katika watoto wetu watano hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani ndilo lililobeba uamuzi wetu. Mtoto wa Nansio akianguka majini ana la kufanya. Mtoto wa Nyalikungu hana.

Hata hivyo ziwa linatuita. Shangazi yetu ameolewa Nansio, katika Kisiwa cha Ukerewe, na kila mwaka fedha za pamba zikishalipwa kupitia chama cha ushirika, nasi shule zikiwa zimefungwa, hufungasha michembe na matobolwa tukaenda kumjulia hali. Hiyo ndiyo likizo yetu. Hatuna nyingine, wala hatujaona upungufu wake.

Kutoka Nyalikungu kwenda Ukerewe kuna njia mbili. Ya kwanza hupita Bariadi, Lamadi na Bunda, kisha hukata kwenda Kisorya, ambako kivuko huvusha magari na watu hadi Rugezi upande wa kisiwani. Njia hiyo ina maji machache na barabara nyingi. Ya pili huelekea Mwigumbi, takriban kilomita 50 za lami, ikaingia barabara kuu ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, ikapita Hungumalwa, Misungwi na Usagara. Mwanza ndipo mnapopanda meli, na safari ya majini huchukua takriban saa tatu. Sisi huipenda hii ya pili kwa sababu moja tu: kwa watoto, meli yenyewe ni nusu ya likizo.

Zamani abiria wa Nansio hakuwa na uchaguzi mkubwa. Siku hizi hali ni nafuu. Mwaka 2020 Kampuni ya Huduma za Meli, iliyo ya serikali, ilizirudisha majini MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, na MV Butiama, baada ya ukarabati mkubwa. Na kampuni za watu binafsi nazo zina vyombo vyao. Anayefika bandarini Mwanza leo anaweza kulinganisha. Penye kulinganisha pana wajibu wa kuuliza.

Meli tuliyokuwa tukiipanda hatutaitaja kwa jina, wala hii tuliyohamia hatutaitangaza, kwa kuwa kusudi letu si kumharibia mtu biashara wala kumtafutia wateja. Ile ya kwanza ilikuwa na mema yake. Nauli yake ilikuwa ya chini, mabaharia walitufahamu, na mmoja wao alikuwa akimpokea bibi yetu mkoba tangu kwenye ngazi. Lakini mizigo ilijazwa hadi kwenye njia za kupita, kabati la majaketi ya kujiokolea lilikuwa limefungwa kwa kamba, na zaidi ya yote, watoto wadogo hawakuandikwa. Tulipotoa majina yao dirishani tulijibiwa, "Hao wapakateni tu." Tulikuwa watu wanane, katika karatasi ya meli tulikuwa sita.

Neno hilo la kupakata lilitukaa moyoni. Mtu anaweza kulisikia kama hisani, maana mtoto amesafiri bure. Ukilipima, si hisani. Uwezo wa meli huhesabiwa kwa watu. Familia 40 zikipanda, kila moja ikiwa na watoto wawili wasioandikwa, chombo kimebeba watu 80 ambao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Kitaitwa kimejaa hali kimekwisha kupita kiasi. Jaketi la mtoto huyo halikuwekwa, kwa kuwa aliyeweka majaketi hakujua kwamba yumo. Na likitokea la kutokea, Mola atuepushe, atakayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake limeandikwa.

Nchi yetu imelipia somo hili kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Makaburi na mnara wa kumbukumbu viko Igoma, jijini Mwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake; zilikuwa zimepita siku kumi hivi tangu sikukuu ya Idi, na familia nzima nzima zilipotea. Na tarehe 20 Septemba 2018, katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe tunakokwenda kupumzika, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 100. Waliofariki walikuwa zaidi ya 220, na waliookolewa ni 41. Siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa yakini ni watu wangapi walikuwa ndani.

Dunia nayo ilijifunza kwa njia hiyohiyo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizaliwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama. Kwa meli za abiria zinazokwenda nchi hadi nchi, mkataba huo leo unataka kila mtu ahesabiwe kabla meli haijang'oa nanga. Majina nayo yaandikwe, na ibainishwe nani mtu mzima, nani mtoto na nani mtoto mchanga. Unataka pia yawepo majaketi ya watoto yasiyopungua sehemu moja ya kumi ya abiria, na watoto wakiwa wengi zaidi, kila mmoja awe na lake. Ziwa letu si bahari, lakini maji ya kuzamisha mtoto ni yaleyale, nalo lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na dhoruba zinazozuka bila kubisha hodi.

Tulipolileta jambo hili katika baraza la nyumbani, halikupita kirahisi. Bibi yetu ndiye aliyekuwa mzito wa kukubali. "Wanangu," alisema, "usiache mbachao kwa msala upitao. Wale vijana wananijua. Hao wapya watanijua lini?" Hatukulidharau neno lake. Kujuana ni kitu, na mzee anayeshikwa mkono ngazini hana haja ya kuelezwa thamani yake. Tulimjibu kwa adabu kwamba mbacha ukitoboka huachwa si kwa sababu msala ni mpya, bali kwa sababu ardhi imeanza kuonekana. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na huyu mdogo, huko kwingine wanamwandika?" Tukamwambia wanamwandika. "Basi na tuende anakoandikwa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Palibaki hesabu ya fedha. Nauli ya meli ya pili ilikuwa juu, na watoto wote watano walilipiwa, wadogo kwa nusu. Pamba haikuwa imetujaza mifuko. Tulitazama njia tatu: kuwaacha watoto wawili nyumbani, kusubiri mwaka mwingine, au kupunguza siku za kukaa. Tuliichagua ya tatu, siku saba zikawa tano, na zawadi ya shangazi ikawa kitenge kimoja badala ya viwili. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tukaona afadhali upishi uwe mdogo ila usivunjike.

Sala ya safari tuliisali bandarini kabla ya kupanda, kwa kukusanya na kufupisha, ili watoto wasihangaike kusimama katika chombo kinachoyumba. Ngazini kijana mwenye orodha aliwaita watoto jina kwa jina, naye mdogo wetu wa miaka mitatu alipoitwa akaitika "Naam!" kwa sauti iliyowachekesha watu wote nyuma yetu. Tulipokwisha kuketi, mhudumu alisimama mbele akaonyesha jinsi ya kuvaa jaketi na kufunga kamba zake, akatuelekeza yalipo, na yale madogo ya watoto akayainua tuyaone. Mizigo ilikuwa imetengwa mahali pake. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa asali. Viti vilikuwa vigumu, meli ilichelewa kuondoka, na chai yake ilikuwa nyepesi kwa bei yake. Bibi alilalamika kwamba hakuna aliyempokea mkoba. Hayo tuliyavumilia, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake linaloweza kumzamisha mtu.

Nansio ilitupokea kwa harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka na kwa machungwa, ambayo kisiwa hiki kinasifika kwayo. Tulikula sato kwa ugali wa muhogo. Tulipanda kwenye majabali ya Handebezyo, ambako ziwa huonekana likiwa limekizunguka kisiwa, na watoto waliozoea mbuga za Maswa wakauliza nchi nyingine imekwenda wapi. Jioni tuliwaeleza habari za Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki, aliyeimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ni habari ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika miaka mingi kutafuta mtoto. Anayeisoma huelewa jinsi watu wa visiwa hivi walivyomweka mtoto mahali pa juu tangu zamani.

Siku ya nne tulikwenda hadi Bugorola, mahali ambapo vyombo vya Ukara huondokea. MV Nyerere ilianzia hapo safari yake ya mwisho. Ng'ambo kisiwa cha Ukara kinaonekana wazi, karibu kiasi cha mtu kudhani anaweza kukifikia kwa kupunga mkono. Wengi wa waliokufa siku ile walizikwa huko, Bwisya, hatua chache kutoka kwenye maji. Tuliwaombea maghufira na rehema, tukakaa kimya. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitatu, aliuliza iwapo wote walikuwa wameandikwa. Hatukuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumshika bega.

Kwa wazazi wenzetu tunatoa nasaha hizi chache. Ulizeni dirishani iwapo watoto wote wanaandikwa, hata wa kunyonya; mkijibiwa kwamba wapakatwe tu, simameni hapo hapo mfikiri upya. Ulizeni chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi. Tazameni majaketi yalipo, na kama yapo ya watoto. Tazameni njia za kutokea zimezibwa na magunia au ziko wazi. Mkiona kimejaa, teremkeni, hata kama tiketi imekwisha kukatwa. Nauli hupotea ikarudi msimu ujao. Na mkiona lisilofaa, lifikisheni kwa Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lenye dhamana ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini, badala ya kulinung'unikia nyumbani.

Wako watakaosema kwamba ajali ni kudra na siku ya mtu ikifika imefika. Hilo hatulikanushi. Lakini tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali, na watoto ni amana ambayo tutaulizwa kwayo. Kamba ya ngamia wetu, sisi watu wa Nyalikungu tusiojua kuogelea, ni jina la mtoto lililoandikwa kwenye orodha, na jaketi linalomwenea. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia majini, na awajaalie wote wanaosafiri likizo hii wafike salama na warudi kwa idadi ileile waliyoondoka nayo.