Msichana Mpelelezi na Suala la Sitara: Tafakuri Kutoka Shanzu

Riwaya ya upelelezi katika Kiswahili ina nasaba inayofahamika. Muhammed Said Abdulla aliipatia msingi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, na kwa mhusika wake Bwana Msa, mvuta kiko anayepima jambo kabla ya kulitamka. Faraji Katalambulla alifuata na Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), naye Ben Mtobwa akamwumba Joram Kiango. Kazi hizi zinatofautiana sana kwa mtindo na kwa uzito wa dhamira, lakini jambo moja linaziunganisha: anayepeleleza ni mwanamume mtu mzima. Mwanamke huingia katika msuko akiwa aliyeuawa, au mtego, au, anapopewa nafasi pana zaidi kama Nuru wa Mtobwa, akiwa msaidizi. Kwa upande mwingine, fasihi ya watoto na vijana ina wasichana wengi wanaopigania masomo na kukwepa ndoa za mapema. Hata hivyo, msichana anayekabidhiwa swali kuhusu tendo la zamani na kulijibu kwa akili yake mwenyewe bado ni mhusika adimu.

Katika Kiingereza mhusika huyo amekwisha kuzoeleka. Philip Pullman, katika The Ruby in the Smoke (1985), alimweka Sally Lockhart mwenye umri wa miaka 16 katika London ya mwaka 1872. Nancy Springer alianza mfululizo wa Enola Holmes mwaka 2006 kwa kisa cha msichana wa miaka 14 anayetorokea London mwaka 1888 baada ya mama yake kutoweka. Robin Stevens naye, kuanzia 2014, amesimulia mikasa ya miaka ya 1930 kwa sauti ya Hazel Wong, mwanafunzi kutoka Hong Kong katika shule ya bweni ya Uingereza. Wahusika hawa wanakutana na kikwazo kimoja, nacho ni kwamba jamii ya wakati wao haitarajii msichana awe na hoja. Mwandishi hukigeuza kikwazo hicho kuwa nyenzo, kwa kuwa asiyetarajiwa kufikiri hachungwi anapofikiri. Enola hujivika nguo nyeusi za mjane na kupita katika mitaa ya London bila ya kusumbuliwa.

Swali la makala haya ni iwapo nyenzo hiyo inaweza kuhamishiwa Pwani ya Kenya jinsi ilivyo. Shanzu ni mahali pafaapo kwa kulijaribu. Kijiji hiki cha bara ya kaskazini ya Mombasa kinajulikana kwa hoteli zake za ufukweni, kwa chuo chake cha ualimu na kwa ujirani wake na gereza la Shimo la Tewa. Lakini kimekaa pia katikati ya kumbukumbu nzito. Kaskazini, ng'ambo ya mkondo wa Mtwapa, yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao jina lake la leo linamtaja mtumwa pasipo kumtaja kwa jina lake. Kusini, katika Kisauni, upo mtaa wa Frere Town, uliozaliwa mwaka 1875 pale Wamisionari wa CMS walipowapa makao watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Jina lake linatokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kabla ya mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa. Kengele yake imeupa mtaa wa Kengeleni jina mpaka leo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mzaliwa wa Shanzu, alikuwa akimsomea binti ya kaka yake kisa cha Enola, akikifasiri kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Walipofika mahali ambapo msichana yule anaondoka nyumbani kwa baiskeli, mtoto alimkatiza. "Shangazi," aliuliza, "kwani huyu hana wa kumuuliza yuwenda wapi?" Swali hilo ni la uhakiki kuliko linavyodhihirika. Katika mtaa wa Pwani msichana apitaye peke yake huulizwa na kila kibaraza ni mtoto wa nani na ametumwa wapi. Hapotei katika umati, kwa sababu hakuna umati usiomjua. Upelelezi unaotegemea kutojulikana hauna pa kusimama hapo.

Jibu la swali la mtoto yule limo katika neno moja la maisha ya kila siku, nalo ni kutumwa. Mtoto wa kike hutumwa dukani, hutumwa kwa jirani kuomba chumvi, hutumwa kupeleka sahani iliyofunikwa kawa na kurudi na jibu. Aliyetumwa ana ruhusa ya kuingia ua ambao mgeni wa kiume hawezi kuukanyaga, na mazungumzo ya watu wazima hayakatizwi kwa ajili yake. Bwana Msa, pamoja na kiko chake, angebaki barazani akingojea kukaribishwa. Msichana angekuwa amekwisha kufika jikoni.

Lakini hapa historia inadai uangalifu. Mwandishi wa leo atakayemweka mhusika wake mwaka 1888 atashawishika kumvika buibui, akilifananisha na vazi la mjane la Enola. Atakuwa amekosea zama. Buibui lilienea miongoni mwa wanawake wa Mombasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kabla ya hapo, mwanamke wa daraja ya juu alipotoka alitembea ndani ya shiraa, pazia la nguo lililoshikiliwa na wajakazi pande zote, na mjakazi mwenyewe alikuwa wazi. Maana ya jambo hili kwa msuko ni kubwa. Katika London ya Springer uhuru wa kutembea ni kitu kinachonyakuliwa kwa kutoroka. Katika Mombasa ya wakati uo huo, msichana aliyeweza kwenda kila mahali ni yule ambaye heshima yake haikuhesabiwa kuwa inafaa kulindwa. Wepesi wake wa kutembea ulikuwa alama ya utumwa wake. Kwa hiyo mpelelezi wa kweli wa zama hizo ni kijakazi: ndiye aliyetumwa, ndiye aliyeona, na ndiye ambaye ushahidi wake haukupewa uzito.

Kwamba maarifa ya namna hii yalihifadhiwa na wanawake si dhana tupu. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wakisimulia maisha yao, na masimulizi hayo yakatolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Kaje alitoka katika ukoo wa waungwana uliokuwa na watumwa, hali Mishi, aliyekuwa somo wa kuwafunda wasichana, alikuwa wa uzao wa watumwa. Anayeyasoma masimulizi yao bega kwa bega huona kwamba nyumba moja ya zamani ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya moja, na kwamba kumbukumbu hizo hazikubebwa na watu wa hadhi moja. Hiyo ndiyo hali inayozaa riwaya ya upelelezi, ambapo tendo ni moja na wasimulizi ni wengi.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika maadili. Utanzu huu umejengwa juu ya imani kwamba ukweli ukifichuka watu wote hunufaika, isipokuwa mhalifu. Pwani ina imani ya pili, yenye nguvu sawa, kwamba aibu ya mtu husitiriwa. Funika kombe mwanaharamu apite, husema wahenga. Mwalimu aliyetajwa hapo juu alipata kumuuliza nyanya yake kwao mama yake ni wapi, yaani kabla ya Kisauni. Nyanya alijibu, "Hayo ni mambo ya watu, mwanangu. Yaate." Hakukasirika wala hakudanganya. Alifunika, na kwa kufunika huko alidhani anamlinda mjukuu wake na jina ambalo bado huweza kutamkwa harusini pale familia mbili zinapopimana. Sheria iliondoa hali ya utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Upimaji wa nasaba haukufutwa na sheria.

Inafaa kurudi kwa Pullman, kwani katika tamati ya The Ruby in the Smoke Sally anagundua kwamba swali alilokuwa akilipeleleza lilimhusu yeye mwenyewe: alipokuwa mtoto mchanga alibadilishwa na baba yake mzazi kwa jiwe la thamani. Msomaji wa London hulipokea jambo hilo kama ajabu la hadithi. Msomaji wa Shanzu anaweza kulipokea kama historia ya jirani. Katika njaa ya 1884 na katika ile iliyoanza 1898, familia za Mijikenda ziliwaweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili zipate nafaka. Kwa mila, rehani ilikuwa deni. Deni likilipwa, mtoto hurudi kwao. Uhalifu ulitokea pale mwenye nafaka alipomhamisha mtoto, au alipomuuza, au alipokana kwamba palikuwa na mapatano yoyote. Tofauti kati ya rehani na mtumwa ilikuwa ya ushahidi: nani alishuhudia, nafaka ilikuwa pishi ngapi, mtoto alipelekwa nyumba ya nani. Hakuna swali linalomfaa mpelelezi zaidi ya hilo, wala hakuna aliye karibu na jibu kuliko kijakazi aliyelala chumba kimoja na mtoto huyo.

Nyaraka nazo zipo. Mwaka 1888 watoro wengi walikuwa wamejihifadhi katika misheni ya Rabai, na wenye watumwa walikuwa wakiwadai. George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa wadai, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hati ya aina hiyo, iwapo ingekutwa chini ya leso katika sanduku la nyanya, ingekuwa ushahidi wenye ncha mbili. Inathibitisha kwamba mwenye jina hilo alikuwa huru, na kwa maandishi hayo hayo inathibitisha kwamba kulikuwa na mtu aliyedai kummiliki. Si ajabu karatasi kama hiyo ikafichwa na wale wale waliokuwa na haki ya kujivunia nayo.

Pana mtego hapa ambao riwaya dhaifu haitauepuka. Mwandishi atapenda kumaliza kwa furaha, mpelelezi wake akigundua kwamba bibi mzaa bibi hakuwa mtumwa "wa kweli," bali rehani iliyodhulumiwa, na kwa hivyo ukoo umesafika. Tamati hiyo inaiacha aibu pale pale ilipokuwa na kuwatwika wengine, yaani wale walioletwa kutoka Nyasa au Uyao na ambao hakuna shahidi wa kusema kwao. Riwaya makini itauelekeza upelelezi wake kwa aliyetenda. Itauliza nani alipokea, nani alikana, nani alinufaika, na itaonyesha kwamba sitara inayomficha aliyedhulumiwa huwa imemficha pia mdhalimu wake, bila ya yeye kuiomba. Kusitiri aibu ya mtu ni tendo la huruma. Kusitiri dhuluma aliyotendewa ni jambo jingine, hata likivikwa nguo ile ile.

Hoja hii ina athari kwa umbo la kazi. Sura ya mwisho ya riwaya ya Kiingereza ya aina hii huwakusanya washukiwa wote sebuleni, naye mpelelezi huwatangazia. Msichana wa Kisauni au Mtwapa hawezi kutangaza hivyo, na si kwa sababu ya woga. Waliotenda wamekwisha kufa, na waliobaki kuumia ni wazao wa aliyetendwa. Hata hivyo kunyamaza kabisa kungekuwa kuirudishia dhuluma kifuniko chake. Utatuzi unaokubaliana na mazingira haya ni wa chumbani: mpelelezi ampelekee ukweli huo kwanza mtu aliye karibu zaidi na aliyedhulumiwa, amsomee hati ikiwa hajui kusoma, kisha amwachie uamuzi wa nani mwingine aambiwe. Taharuki ya riwaya haipungui kwa hilo. Msomaji ambaye kwa kurasa mia moja alitaka kujua nani alimuuza mtoto, sasa anataka kujua atasema nini yule mzee akimaliza kusomewa.

Mwalimu wa Shanzu hakulipata jibu la nyanya yake. Lakini katika darasa lake wamo watoto ambao wana nyanya walio hai, na ambao kila siku hutumwa.