Kuhama Madibira, Sehemu ya 4: Nyumba Tuliyokaribia Kuinunua

Mliokuwa mnaulizia sehemu ya nne, mnisamehe, wiki nzima nilikuwa zamu ya usiku na mchana nalala kama gogo. Leo niko ofu, watoto wamelala, chai ipo mezani. Tuendelee.

Kwa waliochelewa: mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, nimefanya kazi Madibira miaka sita. Uhamisho ukakubaliwa, nikapangiwa Iringa mjini. Sehemu ya tatu niliishia pale tumepanga vyumba viwili, mwezi wa saba, na mtoto mdogo anakohoa kila usiku. Ukitoka Madibira, ambako ukilala unapambana na joto na mbu, baridi ya Iringa inakushika hujajiandaa. Mama mwenye nyumba, kwa huruma zake, akaniambia niingize jiko la mkaa chumbani kisha nifunge mlango. Nikamwambia asante mama, ila hilo hapana. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mnalala, hamwamki. Najua leo siyo mada yake, lakini siwezi kupita bila kulisema: jiko libaki nje, ongezeni blanketi.

Basi tukaamua tutafute kwetu. Hela yenyewe ilitoka sehemu mbili. Moja ni mpunga wa baba watoto, ana heka mbili na nusu kule kwenye skimu ya Madibira, na misimu miwili ilikuwa mizuri. Ya pili ni mkopo kwenye mshahara wangu. Watumishi mnajua, makato yote yakishatoka lazima ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, hivyo huwezi kukopa unavyotaka. Nilipata milioni 15, kulipa miaka saba. Nikahesabu vidole: huyu mdogo anayevaa nepi sasa hivi atakuwa darasa la tatu ndio namaliza deni.

Dalali akatupeleka mtaa mmoja pembeni ya mji. Nyumba ya vyumba vitatu, imeezekwa, haijapigwa plasta, madirisha mengine yamezibwa kwa bati, na familia inaishi humo humo. Bei milioni 18. Jamani, kwa nyumba iliyofika pale hiyo ni bei ya kutupa. Mwenye nyumba akasema ana shida ya haraka. Hati hakuna, ila ana karatasi ya mauziano aliyonunulia kiwanja, ina muhuri wa serikali ya mtaa. Baba watoto alikuwa na milioni mbili kwenye koti za kutanguliza. Nilimwona anavyotazama ile sebule, tayari ameshapanga viti.

Nikaomba kwenda chooni. Nyuma ya nyumba nikamkuta mama anafua, mtoto mgongoni. Kamwene. Kamwene. Kazi yangu mnaijua, siwezi kuona kichanga nikanyamaza. Nikauliza ana muda gani, akasema wiki ya kumi, jana tu amechanjwa. Nikamsifia, kweli alikuwa na afya. Tukacheka kidogo. Halafu mimi, kwa nia njema kabisa, nikamuuliza, "Sasa mtahamia upande gani, mbali na kliniki yenu?"

Akaacha kufua.

"Kuhamia?"

Nikajua hapo hapo. Akanitazama, mikono ina povu, akasema taratibu, "Dada, nyie mmekuja kununua nini?"

Mniamini, nimewahi kuwapa ndugu wa wagonjwa taarifa ngumu, lakini pale ulimi uligoma. Nikamwambia tu, "Muulize baba, mama." Uoga huo. Nikarudi sebuleni, nikamgusa baba watoto, nikasema nimepewa simu ya kazini, twende.

Kwenye bajaji hakuna aliyeongea. Nyumbani ndipo yakatoka. Akasema mambo ya mke wa mtu siyo yetu, watamalizana wenyewe, sisi tuna shida ya nyumba na mtoto anakohoa. Nikamwambia ni yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Hata kama jina kwenye karatasi ni la mmoja tu. Yule mama akienda mahakamani kesho, sisi na mkopo wetu wa miaka saba tutakuwa tunapanga foleni mbele ya hakimu.

Akanyamaza. Nikashika ile rasimu ya mauziano aliyoandika dalali, kwa mara ya kwanza nikaisoma mwenyewe mpaka chini. Mnunuzi: jina lake. Peke yake.

"Na mimi nipo wapi hapa?"

Hapa naomba mnielewe, mume wangu siyo mtu mbaya. Amenipikia uji wa uzazi mara mbili. Kwao, nyumba inaandikwa jina la baba, basi, hakuna anayeuliza. Hakuwa amenificha, hakuwaza tu. Sijui kipi kinauma zaidi. Nilimwambia: deni lina jina langu, karatasi ina jina lako, na mwanamke niliyemwacha kule nyuma anafua hana tofauti na mimi ila ana sabuni mikononi. Tulilala mzungu wa nne siku mbili.

Siku ya tatu alirudi jioni akasema, "Mama Neema, kesho ukitoka zamu twende ardhi." Ndio ilikuwa samahani yake, nikaipokea.

Hatukununua ile. Tulipata kiwanja kilichopimwa, kidogo, mbali zaidi na mjini, hakina nyumba wala mti. Lakini kina hati, na tuliomba upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi: wanakuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna mkopo au zuio juu yake, na hati imebakiza miaka mingapi (33, 66 au 99 ndiyo inayotolewa). Mwenyekiti wa mtaa tulimwendea pia, anawajua majirani na ugomvi wao wote, ila muhuri wake haugeuki kuwa hati. Mkataba ukasainiwa kwa wakili. Mke wa muuzaji alikuja na kitambulisho chake, akasaini ridhaa mbele yetu. Na sisi tukaandikwa wote wawili, umiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki inabaki kwa aliye hai. Wakili alipouliza majina, baba watoto ndiye aliyeanza kulitaja langu.

Kwa hiyo bado tumepanga, na baridi ni ile ile.

Yule mama nilikutana naye tena, mwezi mmoja baadaye, amemleta mtoto chanjo ya wiki ya 14. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Aliniambia nyumba haijauzwa. Mume wake hamsemeshi tangu siku ile, anakula, analala, anatoka. Nilisimama pale na kadi ya mtoto mkononi, sikujua nimpe pole au hongera. Nikampima mtoto uzito. Ameongezeka vizuri.

Sehemu ya tano ni msingi na bei za mawe. Mafundi wa Ipogolo, nawaona.