Mama mdogo na mzinga wa nyuki

Jioni moja huko Choma, mkoani Tabora, mtoto wa darasa la tano alimtazama baba yake akikamua masega, akauliza: "Baba, hawa nyuki watoto wao wako wapi?"

Baba akamweleza kwamba nyuki vibarua hawazai. Anayetaga ni malkia. Akiwa kijana huruka angani, akapandwa na madume kumi au zaidi, na kila dume hufa papo hapo. Mbegu hizo humtosha maisha yote. Vibarua, ambao wote ni majike, kazi yao kulea wadogo zao.

"Sasa wanapata faida gani?"

Swali hilo liliwasumbua hata wataalamu. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwa hesabu kwamba anayemsaidia ndugu wa damu huendeleza damu yake mwenyewe. Nyuki dada wa baba mmoja hushirikiana robo tatu ya urithi. Mama na binti, nusu tu. (Wa baba tofauti hawafiki huko, na bado wanalea.)

Mtoto akamgeukia mama yake mdogo, aliyekuwa akichuja asali. Hana mtoto. Tangu dada yake afariki, ndiye anayewalea hao watatu. Wiki ile posa ya pili ilikuwa imeletwa, na wazee walimsubiri shemeji aseme watoto watabaki na nani.

"Mama mdogo, na wewe ni kibarua?"

Akacheka, akamlambisha asali. "Nyuki haulizwi anataka nini, mwanangu," alisema, bila kumtazama shemeji yake.

Baba akaacha kukamua.